Karani wa Visawe vya Noted

Hapo zamani, si za kale bali za juzi tu, palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, maana si nchi yenu na haiwahusu. Akitokea msomaji akaona humu ofisi inayofanana na ofisi anayoijua, hiyo shauri yake, aende akapimwe macho. Mimi nasimulia yaliyotokea, tena kwa mapenzi, kwa sababu nchi ile nimeitumikia miaka ishirini na sita na sijachelewa kazini hata siku tuliyomzika baba yangu.

Nchi yetu iliendeshwa kwa neno moja la Kiingereza. Mkoloni alipoondoka alibeba piano ya klabu, akabeba kengele ya posta, akang'oa hata vitasa vya milango. Lakini juu ya meza alisahau faili moja wazi, na pembeni mwa faili alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: Noted. Waasisi wetu walipoingia ofisini wakalikuta. Walilitazama siku tatu. Hakuna aliyejua hasa linafanya kazi gani, ila wote waliona kwamba mtu anayeweza kuandika neno kama lile, halafu akaenda kunywa chai bila kusumbuliwa, huyo ametawala. Wakalirithi.

Basi likaenea kama upupu. Wananchi wakilalamika kisima kimekauka, Noted. Mwizi akikimbia na mbuzi wa mtu, mwenye mbuzi akifika kituoni anahema, koplo anafungua daftari, Noted. Mazishini, kiongozi alisimama kando ya kaburi, akasikiliza wosia wa marehemu ukisomwa, akasema Noted, na watu wakapiga makofi kidogo kwa sababu ni kaburini. Mimi mwenyewe mke wangu aliniuliza mwaka wa kwanza wa ndoa kama nampenda, nikamjibu hivyo hivyo. Hakuuliza tena. Nilijua ameridhika, hadi siku aliporudi kwao.

*

Sasa msione neno ni moja mkadhani kazi ilikuwa ndogo. Mnacheka nini? Kwenye mafaili yaliyotoka juu kulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, Noted humo ni la Mtukufu Mlezi wa Taifa peke yake, na mdogo haruhusiwi kulirudia, kwa kuwa kurudia neno la mkubwa ni kujilinganisha naye. Ya pili, mdogo haruhusiwi kusema zaidi ya alichosema mkubwa, kwa kuwa kuzidisha ni kupindua. Kwa hiyo faili likishuka kutoka kwa Mtukufu, kila bosi aliye chini yake alihitaji neno lake mwenyewe, lenye maana ile ile ila limepungua kimo.

Hapo ndipo tulipoingia sisi, Idara ya Visawe, ghorofa ya nne, kwa ngazi, maana lifti ilikufa na taarifa yake iko Noted tangu enzi za Mtukufu aliyetangulia. Tulimpa Waziri Seen. Tulimpa Katibu Mkuu Observed. Mkuu wa Mkoa tulimpa Perused. Akapiga simu kuuliza linatamkwaje, tukamwambia Mheshimiwa halitamkwi, linaandikwa tu. Mimi, Gervas Nyakunga, ndiye niliyekuwa Karani wa Visawe Daraja la Kwanza. Nilikuwa na kabati la vikadi, kila kikadi na neno lake, na ufunguo nilivaa shingoni.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama yangu, Bibi Tasiana. Magoti yalikuwa yamemchoka, lakini masikio mazima. Jirani akija kusema mtoto kaungua, au fulani kapata uchungu, au ng'ombe kaangukia shimoni, mama alijibu kwa neno moja, "Nimesikia." Kisha unaona mguu wake unapapasa chini ya kiti, unatafuta kandambili. Nilikuwa namkanya. Namwambia, "Mama, utajiua kwa mambo ya watu." Ananitazama tu, huku kandambili ya kushoto imeshaingia.

*

Siku ya Jumanne alikuja mwanamke mmoja ofisini kwangu, amevaa sare nyeupe ya unesi iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya maziwa ya chai. Alikuwa Nesi Zawena Mkumbwa, mkunga wa zahanati ya Mavumbe, siku mbili kwa basi. Hakukaa. Alitoa mfukoni uzi mrefu uliofungwa jiwe dogo mwishoni, akauning'iniza mbele ya meza yangu, akasubiri jiwe litulie.

"Hii ni timazi," akasema. "Fundi aliniachia. Ukiiangusha toka juu ya ukuta, ukuta ulionyooka unaenda sambamba na uzi. Wa kwangu hauendi. Ukuta wa wodi ya wazazi umeinama ndani, baba. Mwezi uliopita vidole viwili. Sasa vitatu."

"Na chini ya ukuta kuna nini?"

"Vitanda kumi na kimoja. Na kila kitanda kina mtu, na kila mtu ana mtu ndani yake."

Alitaka moja kati ya mambo mawili. Ama Fundi Mkuu wa Wilaya afungue stoo yake, atoe nguzo ishirini za kuegemeza ukuta, ambazo zimo, yeye mwenyewe kaziona kwa dirisha. Ama aruhusiwe kuhamishia wazazi kwenye Ukumbi wa Mapokezi ulio hatua arobaini kutoka zahanati. Ukumbi ule ulijengwa miaka tisa nyuma Mtukufu alipotangaza ziara Mavumbe. Ulikuwa na zulia jekundu, na kiti kimoja kikubwa, na kufuli. Mtukufu hakuja, lakini hakusema haji.

Nikasoma barua yake. Mwanzoni alikuwa ameandika: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia kwa upole, "Nesi, methali haina kumbukumbu namba, masijala wataikata." Akasema wakate wanachotaka, mradi ukuta wauache.

*

Faili lilipanda kwa kasi ambayo haijapata kuonekana, miezi miwili tu. Mtukufu aliandika Noted kwa mkono wake. Mavumbe walipopata habari, loo! Ngoma zilipigwa, mbunge akasimama juu ya gari akalisoma lile neno mara saba, kila mara kwa sauti nyingine. Nesi Zawena naye alicheza, nimeambiwa. Alidhani nguzo zinakuja kesho yake.

Faili likaanza kushuka. Waziri, Seen. Katibu Mkuu, Observed. Mkurugenzi, Acknowledged. Mkuu wa Mkoa, Perused. Mkuu wa Wilaya, Received. Mhandisi, Registered. Likafika kwa Fundi Mkuu wa Wilaya, mwenye stoo, mwenye nguzo, mwenye nyundo mkononi. Akaniandikia: Naomba neno langu nianze kazi.

Nikafungua kabati. Kikadi hakuna. Nikachomoa droo nzima, nikaipindua, nikaipiga matako. Visawe vya Noted vilikuwa vimekwisha. Katika historia ya nchi hakuna faili lililowahi kushuka chini kiasi kile. Mengine yote hufia kwa Katibu Mkuu. Kwa mara ya kwanza mtu anayeweza kufanya jambo alikuwa amefikiwa na jambo lenyewe, na hatukuwa na neno la kumpa.

Nesi akaja mara ya pili. Safari hii hakuitundika timazi, alinionyesha tu mafundo aliyofunga kwenye uzi. Vidole vitano. Nikamwambia avumilie, tunaunda kamati.

*

Kamati ilikaa siku tisa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ili akili zitulie. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wangu, Dokta Prosper Bakilana, mtu aliyesoma mpaka akawa anajikohoza kwa Kilatini. Alifungua kikao hivi:

"Ndugu wajumbe. Ukuta ni dhana. Kuinama nako ni dhana, kwa sababu kuinama kunategemea mtazamaji kasimama wapi. Kisichokuwa dhana ni itifaki. Tukimpa fundi neno ovyo akalitumia, kesho mpagazi atadai neno, keshokutwa mkulima. Mwisho wake kila mtu nchini atakuwa na neno, na mimi nauliza, sisi tutakuwa na nini?"

Wajumbe waligonga meza. Wakapendekeza Glimpsed, likakataliwa kwa kuwa lina haraka. Wakapendekeza Sniffed, likaenda kamati ndogo. Siku ya saba mjumbe mmoja kijana, ambaye nadhani sasa hayupo kazini, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa nini tusimpe Heard? Kwamba tumesikia."

Dokta Bakilana akavua miwani.

"Kijana, mtu aliyeona anaweza kusema aliona vibaya. Aliyepokea anaweza kusema hajafungua. Lakini aliyesikia, watu watamuuliza, sasa baada ya kusikia ulifanya nini? Neno hilo ni la hatari. Karani, andika kwamba halimo, na halitakuwemo."

Nikaandika. Siku ya tisa tukapiga picha ya pamoja, tukaahirisha.

*

Nesi Zawena alikuja mara ya tatu, na mara hiyo alikaa. Alikaa bila kukaribishwa, kwenye kiti cha wageni wenye vyeo. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini. Uzi ulikuwa na mafundo manane.

"Usiku nalala wodini," akasema. "Nalala upande wa ukuta. Najua siwezi kuushika, baba, sina wazimu. Lakini nikilala kitandani kwangu siupati usingizi." Alifuta uso na kiganja. "Niambie kitu kimoja. Niache na Kiingereza. Kwa lugha uliyonyonya kwa mama yako, hilo neno la Mtukufu maana yake nini?"

Swali gani hilo! Miaka ishirini na sita hakuna aliyeniuliza. Nilitazama mlango, nilitazama kabati. Nikajikuta nasema, "Maana yake, nimesikia."

"Na mama yako akishasema nimesikia, anabaki amekaa?"

Nikakiona kile kiti nyumbani, na ule mguu unaopapasa.

"Hapana," nikasema. "Anainuka."

Nesi akakunja uzi wake, akautia mfukoni, akasimama. "Ahsante, baba," akasema. "Sasa nimepata maana."

Alipotoka nilijua nimefanya jambo, ila sikujua ni jambo gani. Nikafunga kabati na kwenda kunywa chai.

*

Alifika Mavumbe Ijumaa. Hakwenda hata nyumbani. Alichukua shoka la jikoni pa zahanati, akaenda Ukumbi wa Mapokezi, akapiga kufuli mara nne. Kisha yeye na mfagizi na wanaume wawili waliokuja kuona wake zao wakahamisha wazazi kumi na mmoja, mmoja mmoja, juu ya magodoro, katikati ya mvua. Mmoja wao uchungu ulikuwa umeshachanganya. Mtoto akazaliwa juu ya zulia jekundu, karibu na kile kiti. Hadi Jumapili walikuwa wamezaliwa wanne, na wa nne, nimeambiwa, alilia kwa sauti ya kuhutubia.

Jumatatu, saa nne asubuhi, ukuta wa wodi ukaanguka. Ulianguka wote kwa mara moja, ukalalia vitanda kumi na kimoja, ukavikunja. Vumbi lilipotulia walitafuta majeruhi, wakapata mizani ya kupimia watoto na birika.

Redio ilitangaza saa saba mchana. Hakuna aliyeumia Mavumbe, wakasema, shukrani kwa Noted la Mtukufu. Wananchi wakashangilia. Dokta Bakilana alilia kwa furaha ofisini kwake, akaagiza soda. Nami nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kuliko wote, mpaka simu ikalia kutoka Mavumbe kuuliza nani kavunja kufuli.

*

Mashtaka yalikuwa matatu: kuvunja kufuli la taifa, kuchafua zulia kwa uzazi, na kutenda kabla ya neno kushuka. La tatu ndilo lililokuwa na kifungo. Mwendesha mashtaka alieleza kwa uchungu mkubwa kwamba endapo mshtakiwa angetulia, ukuta ungeanguka kwa utaratibu.

Hakimu akamuuliza Nesi Zawena, "Nani alikuambia uwahamishe?"

"Nilipewa maana ya neno, Mheshimiwa. Na mtaalamu."

"Mtaalamu gani?"

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mashahidi, safu ya kwanza, na orodha yangu ya maana za Noted mapajani. Akageuka. Macho yake yakapita juu ya watu wote, yakafika kwangu, yakatua. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, Gervas.

"Sura yake nimeisahau," akasema. "Nilikuwa na usingizi."

Wakaniita. Nikaapishwa. Nikasoma maana thelathini na moja za Noted kama zilivyoidhinishwa, na matumizi yake, na visawe vyake kwa ngazi. Ilichukua saa nzima na robo. Hakimu alisinzia kwenye ya kumi na nne, akaamka kwenye ya ishirini.

"Shahidi," akasema, "katika zote hizo, ipo maana inayoruhusu mtu kuinuka?"

Kulikuwa na wanawake wanne nyuma kabisa mahakamani, wana watoto mgongoni. Mtoto mmoja alikuwa anakohoa. Nesi Zawena alikuwa anatazama mikono yake.

"Haimo kwenye orodha, Mheshimiwa," nikasema.

Na ni kweli haikuwemo. Mtu yeyote angeweza kuhakiki. Niliiandika mwenyewe kwamba haimo.

Akapewa miaka mitatu. Alipopitishwa karibu nami hakuniambia neno, hata la kunitukana, na afadhali angenitukana. Naona aibu kulisimulia hili, na naisema aibu hiyo waziwazi, maana sina kisawe chake.

*

Nilifika nyumbani mchana, nikamkuta mama kwenye kiti chake anachambua mchele. "Yule nesi wako vipi?" akauliza. Nilikuwa nimemsimulia habari za uzi.

Nikataka kumwambia mambo ni mazuri. Nikamwambia yote. Nikamwambia aliyosema kwa ajili yangu, na niliyosema mimi. Sikuruka kitu. Alikuwa ameshaacha kuchambua.

"Ulisema haimo," akasema.

"Haimo, mama."

"Na ulimwambia yeye kwamba mimi huwa nainuka."

"Ndiyo, mama."

Akaweka ungo chini. Nami nikamsubiri anilaani, au alie, nijue pa kushika. Akasema, "Nimesikia." Na mguu wake ukaanza kupapasa chini ya kiti.

Nilimwambia jua kali. Nilimwambia gereza la wanawake liko mbali, magoti yake hayafiki. Yeye alikuwa anatafuta kandambili ya kulia. Alipoipata akachukua kanga na fimbo, na sufuria ya uji uliobaki asubuhi, akatoka. Nikasimama mlangoni nikamwangalia mpaka kona. Alikuwa anapumzika kila baada ya hatua kumi, halafu anaendelea.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi faili jipya limeletwa mezani kwangu. Mkuu wa gereza anaripoti kwamba bibi kizee mmoja amekaa getini siku ya pili, ana sufuria, haondoki, na wanawake wengine wenye watoto mgongoni wameanza kukaa naye. Jana walikuwa wanne, leo hawahesabiki. Mambo ya geti la gereza hayangoji miezi, Mtukufu ameshaandika Noted. Wengine wote wameshaandika yao. Mkuu wa gereza yuko chini kabisa, anaomba neno lake, na Dokta Bakilana ameniita mara tatu. Anataka kisawe kabla ya saa tisa.

Kabati liko wazi. Sasa ni saa nane na dakika arobaini. Viatu nilivivua asubuhi, vinanibana siku hizi, na kimoja nimeshakipata. Cha pili kimeingia ndani kabisa, huko nyuma ya kabati, na hapa nilipo nakipapasa kwa mguu.